Tathmini ya PIP Nchini Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasemaji wa Kiswahili

Maswali haya hurudiwa na watu waliotoka Kenya, Tanzania, Kongo, Burundi au Barawa (mji wa pwani ya Somalia), wanaoishi Uingereza na wanaoomba malipo ya ulemavu yaitwayo Personal Independence Payment, kwa kifupi PIP. Majibu yanahusu England na Wales, na kwa sehemu kubwa Ireland ya Kaskazini. Anayeishi Scotland aanze na swali linalomhusu katika sehemu ya mwisho, kwa kuwa huko utaratibu ni mwingine.

## Mambo ya msingi

PIP ni nini, na nani anaweza kuiomba?

PIP ni malipo ya serikali kwa mtu ambaye ugonjwa au ulemavu wa muda mrefu unamtatiza katika shughuli za kila siku au katika kutoka na kwenda anakotaka. Yalianza tarehe 8 Aprili 2013, yakichukua nafasi ya malipo ya zamani ya Disability Living Allowance kwa watu wazima. Mwombaji awe ametimiza miaka 16 na awe hajafikia umri wa pensheni ya serikali, na matatizo yake yawe yamedumu kwa miezi 3 na yatarajiwe kuendelea kwa miezi mingine 9. Mshahara, akiba na kipato cha mume au mke havihesabiwi, na pesa zenyewe hazikatwi kodi, kwa hiyo hata mtu aliye kazini anaweza kuomba.

Malipo yana mafungu mawili, la maisha ya kila siku na la kutembea, na kila fungu lina kiwango cha kawaida na kiwango cha juu. Katika mwaka ulioanza Aprili 2025, fungu la maisha ya kila siku lilikuwa pauni 73.90 au 110.40 kwa wiki, na fungu la kutembea lilikuwa pauni 29.20 au 77.05. Mtu anaweza kupata fungu moja au yote mawili.

Je, tathmini hii ni uchunguzi wa daktari?

Watu wengi huenda wakidhani hivyo, na hapo ndipo wanapoteleza. Anayefanya tathmini anaweza kuwa muuguzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mhudumu wa gari la wagonjwa au daktari, lakini hakutibu, hakuandikii dawa wala hatafuti jina la ugonjwa wako. Anachotafuta ni jinsi unavyofanya shughuli 12 zilizotajwa katika kanuni. Shughuli 10 ni za maisha ya kila siku: kutayarisha chakula, kula na kunywa, kufuata matibabu, kuoga, kwenda chooni, kuvaa na kuvua, kuzungumza na kuelewa mazungumzo, kusoma, kukaa na watu, na kuamua mambo ya pesa. Mbili ni za kutembea: kupanga na kufuata safari, na kwenda kwa miguu.

Kwa hiyo anayesema "nina sukari, presha na mgongo" bado hajajibu kitu. Jibu ni kwamba vidole vimekufa ganzi na sufuria ya maji moto imekwisha kumponyoka mara mbili, au kwamba mgongo humlazimu kukaa kila baada ya dakika chache anapovaa. Watu wawili wenye ugonjwa mmoja wanaweza kupata majibu tofauti kabisa, na huenda yote mawili yakawa sahihi.

Alama huhesabiwaje?

Kila shughuli ina orodha ya hali, na kila hali ina alama zake. Jumla ya alama 8 katika fungu moja hukupa kiwango cha kawaida, na 12 hukupa kiwango cha juu. Alama za maisha ya kila siku hazichanganywi na alama za kutembea.

Alama ndogondogo huleta tofauti kubwa. Anayehitaji kifaa ili aoge, kwa mfano kishikio cha ukutani au kiti cha bafuni, hupata alama 2. Anayehitaji kifaa ili avae, ili atumie choo au ili atayarishe chakula hupata 2 kwa kila moja. Hizo nne zinatosha kufikia 8, ingawa mtu huyo hasaidiwi na mtu yeyote. Kwa sababu hiyo usiache kutaja ndoo uliyoigeuza kiti, au ukuta unaoushika kila siku hata rangi imechujuka. Kinachoangaliwa ni kama unahitaji msaada, hata kama hujaupata.

Nikiulizwa "unaweza?", kuweza maana yake nini?

Kanuni zinasema mtu anahesabiwa kuwa anaweza jambo pale tu anapolifanya kwa namna nne kwa pamoja: kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kadiri inavyohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule ambao mtu asiye na ulemavu angehitaji. Moja kati ya hizo ikikosekana, kisheria huwezi, hata kama kazi hukamilika.

Chukua mwanamke anayevaa mwenyewe kila asubuhi. Akitumia dakika arobaini kuvaa nguo ambazo wengine huvaa kwa dakika kumi, muda umepita kiasi. Akivaa vizuri asubuhi lakini akashindwa kubadili nguo jioni kwa uchovu, kurudia kumemshinda. Swali la "unaweza kuvaa?" lisijibiwe kwa ndiyo au hapana pekee, lijibiwe kwa kueleza muda, maumivu, kinachofuata baadaye, na nani yuko karibu.

Kuna siku mimi ni mzima kabisa na siku nyingine siwezi kuinuka. Niseme lipi?

Sema yote mawili, na uyahesabu. Hali inahesabiwa kuwa yako ikiwa inakukuta katika zaidi ya nusu ya siku zote za kipindi cha mwaka kilichotajwa katika swali la kwanza. Neno "mara nyingine" halimsaidii mtathmini, kwa sababu siku 5 kwa wiki ni mara nyingine na siku 2 kwa mwezi ni mara nyingine. Andika kwenye daftari au kalenda ya ukutani kwa wiki tatu au nne: siku gani ilikuwa mbaya, ulishindwa nini, na ulilala saa ngapi mchana. Anayesoma kalenda yake akasema "katika siku 28, siku 19 sikuweza kuoga peke yangu" amejibu swali ambalo wengine hulizunguka kwa nusu saa.

## Kabla ya siku yenyewe

Fomu ina umuhimu gani ikiwa nitaulizwa tena kwa mdomo?

Maombi huanza kwa simu, na tarehe ya simu hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa tarehe ya maombi. Baadaye hutumwa fomu ndefu, ambayo hurudishwa ndani ya mwezi mmoja. Ukihitaji siku zaidi, piga simu kabla muda haujaisha. Mtathmini huisoma fomu kabla ya kukutana nawe, na maelezo yake huwekwa sambamba na utakayoyasema. Fomu ikisema hutembei zaidi ya mita 20, nawe ukasema huenda dukani kwa miguu, mtoa uamuzi atauliza lipi ni kweli. Toa nakala ya kila ukurasa kabla ya kuituma, uisome tena usiku wa kuamkia tathmini. Kama fomu ilijazwa na mtu mwingine kwa Kiingereza, akusomee kwa Kiswahili kila alichoandika. Wapo waliosikia yaliyomo kwa mara ya kwanza mbele ya mtathmini.

Nipeleke ushahidi gani?

Bora ni ule unaoeleza utendaji wako. Barua ya daktari wa familia inayotaja majina ya magonjwa ina thamani ndogo kuliko barua ya mtaalamu wa viungo anayesema umefundishwa kupanda ngazi kwa kukaa. Orodha ya dawa, barua za kliniki ya maumivu, ripoti ya mtaalamu aliyekuja kupima nyumba na mpango wa huduma wa wauguzi wa afya ya akili vyote vinafaa. Maelezo ya mtu anayekusaidia yanafaa pia, iwe ni binti, mume, jirani au mwenzako wa msikitini au kanisani, mradi aandike alichokiona kwa macho yake: "Namvalisha soksi kila asubuhi tangu alipofanyiwa upasuaji" ina uzito kuliko "Mama yetu ni mgonjwa sana, tafadhali msaidieni."

Cheti cha hospitali ya nyumbani, iwe ni Muhimbili, Kenyatta au Bukavu, kinakubalika kama historia. Ambatisha tafsiri, na kisiwe ushahidi wako pekee ikiwa ni cha zamani.

Tathmini itafanyika wapi?

Inaweza kuwa kwa simu, kwa video, katika kituo cha tathmini au nyumbani kwako, na mara nyingine maamuzi hutolewa kwa kusoma karatasi tu. Tangu Septemba 2024 kampuni nne zimegawana maeneo: Maximus huhudumia kaskazini mwa England, Capita hushika kati ya England, Wales na Ireland ya Kaskazini, Serco kusini-magharibi, na Ingeus London, kusini-mashariki na mashariki. Kampuni hizi hufanya tathmini tu. Anayeamua, kwa England na Wales, ni afisa wa idara ya serikali ya kazi na pensheni, DWP.

Kama namna uliyopangiwa haikufai, kwa mfano husikii vizuri kwenye simu au huwezi kupanda basi, waambie mara upatapo barua, ukiwa na barua ya daktari ikiwezekana. Nauli ya kwenda kituoni hurudishwa, kwa hiyo tunza risiti.

## Lugha na ukalimani

Je, nitapewa mkalimani wa Kiswahili?

Ndiyo, bila malipo, lakini umwombe mapema: kwanza katika simu ya maombi, kisha katika fomu, kisha tena barua ya miadi inapofika. Taja Kiswahili chako. Mtu wa Bukavu na mtu wa Unguja huelewana sokoni, ila katika kueleza kibofu cha mkojo au hofu ya usiku tofauti hujitokeza. Mzee wa Barawa anayezungumza Chimwini aseme Chimwini, asikubali kuandikiwa Kiswahili kwa kuwa ofisi haijui tofauti. Kama siku yenyewe hamwelewani na mkalimani, sema wakati huohuo na uombe miadi mingine, maana kulalamika baada ya ripoti kutoka ni kazi ngumu zaidi.

Si afadhali nimchukue mwanangu anitafsirie?

Mwanao akufuate, lakini kama msindikizaji. Una haki ya kuwa na mtu kando yako, na msindikizaji anaweza kuongeza jambo ulilolisahau. Katika ukalimani kuna tatizo la heshima. Utaulizwa kama mkojo hukutoka bila kujua, kama unahitaji kusafishwa baada ya choo, kama umewahi kutaka kujiua. Mama wa Kiswahili hatasema hayo kupitia mdomo wa mwanawe wa kiume, na mtoto naye hawezi kuyatamka. Matokeo yake ripoti hurudi na maneno "hakuna tatizo la choo", na alama zimekwenda. Mwanamke anayeona haya mbele ya mwanamume anaweza pia kuomba mtathmini na mkalimani wa kike, aombe mapema.

Kwa nini mnasema salamu zetu zinatuponza?

Mswahili akiulizwa hali hujibu "nzuri" kwanza, hata akiwa kitanda cha hospitali. Ugonjwa hutajwa baadaye, kwa sauti ya chini, na hufungwa kwa "lakini tunamshukuru Mungu". Kwetu huo ni ustaarabu, na aliyezoea husikia kilicho chini yake. Mtathmini hasikii. Akiuliza "habari za leo?" nawe ukajibu "salama tu", hilo linaweza kuandikwa. Rudisha salamu, kisha ongeza palepale: "Hiyo ni salamu tu, hali yangu leo si nzuri, na nitaeleza."

Mengine ya namna hiyo ni "kidogo" na "najikaza". "Naumwa kidogo" husemwa hata na mtu asiyelala kwa wiki nzima. Na "najikaza tu" ndilo jibu linalogharimu zaidi kuliko yote, kwa sababu msemaji anataka kueleza mateso na msikilizaji anasikia kwamba kazi imefanyika. Ukijikuta umelitamka, endelea na sentensi: unajikaza kwa muda gani, unasimama mara ngapi, na baada ya kujikaza unalala saa ngapi. Hapo kujikaza kunageuka kuwa ushahidi wa kurudia na wa muda, kama ilivyoelezwa katika swali la maana ya kuweza.

Ni maneno gani ya Kiswahili hupotea katika tafsiri?

Mguu na mkono kwanza. Mguu wetu huanzia nyonga hadi vidole, na mkono huanzia begani hadi kuchani, ilhali Kiingereza kina neno kwa kila kipande. Taja sehemu: nyonga, goti, kifundo, wayo, bega, kiwiko, kiganja, kidole gumba.

"Nina mawazo" ni la pili. Kwetu mtu mwenye mawazo amelemewa. Kwa Kiingereza cha haraka mtu mwenye mawazo anafikiri tu, jambo ambalo si ugonjwa. Eleza yanayotokea: hulali, unalia bila sababu, zamani hukuogopa hata giza lakini sasa huwezi kufungua mlango mtu akibisha. Vivyo hivyo, "moyo unaniuma" unaweza kuwa kifua au huzuni, na "homa" ya Mkenya mara nyingi ni mafua, ilhali ya Mtanzania ni joto la mwili.

Saa nazo. "Naamka saa kumi kwa maumivu" ni saa nne ya alfajiri kwa saa za Kizungu, lakini mkalimani aliyechoka akitafsiri tarakimu bila kugeuza, utaonekana unalala hadi asubuhi imekomaa. Sema "saa kumi alfajiri, kabla ya adhana" au "saa kumi na mbili jioni".

"Natembea" ni hatari katika fungu la kutembea. Anayesema "Jumapili natembea kwa dada" ana maana ya kumzuru, pengine kwa gari la shemeji. Mwisho ni uwingi wa nyumba: "tunapika", "tunafua". Eleza nani anakata vitunguu, nani anainua sufuria. Kama wewe hukaa kitini ukaelekeza na binti ndiye anayepika, basi hupiki.

Sijui Kiingereza. Je, nitapata alama katika kusoma na kuzungumza?

Hapana, kwa sababu hiyo haihesabiwi kuwa ulemavu. Lakini ubavu wa pili wa kanuni haujulikani na wengi: kusoma na kuelewa hupimwa katika lugha yako ya asili. Kama kiharusi kimekuondolea uwezo wa kufuata barua ya Kiswahili, au husikii maneno ya Kiswahili bila kifaa cha masikio, alama zipo. Kwa hiyo usiseme tu "sijui kusoma Kiingereza". Sema kinachotokea unaposhika karatasi ya Kiswahili.

## Siku ya tathmini

Ataniuliza nini?

Huanza na magonjwa, dawa na matabibu wanaokuona, kisha hukuomba usimulie siku yako ya kawaida kuanzia kuamka. Simulia siku inayokukuta mara nyingi, si siku ya wageni. Baadaye hupita shughuli moja baada ya nyingine. Anaweza kukuomba uinue mikono au ukunje goti. Fanya lile lisilokuumiza, na ukiumia sema na uache. Kwa matatizo ya kumbukumbu huenda ukaombwa kutoa 7 kutoka 100 mara kadhaa au kukumbuka maneno matatu.

Kwa kawaida huchukua saa moja, wakati mwingine zaidi. Una ruhusa ya kuomba kupumzika, kunywa maji au kusimama. Kunywa dawa zako kama kawaida. Wapo wanaoziacha ili waonekane wagonjwa, na huo ni udanganyifu unaoweza kuwaumiza kwa kila namna.

Ni kweli kwamba wananiangalia tangu mlangoni?

Ndiyo, na wanaruhusiwa. Ripoti ina nafasi ya mambo yaliyoonekana: ulivyoinuka kitini, ulivyovua koti, kama ulishika mkoba kwa mkono uliosema hauna nguvu, kama ulikuja peke yako kwa treni. Kwa simu husikilizwa kama pumzi inakata. Huna haja ya kuigiza. Unachopaswa kufanya ni kueleza yale ambayo macho hayaoni: kwamba uliletwa kwa gari hadi mlangoni, kwamba umemeza dawa ya maumivu saa moja kabla, kwamba koti ulilovua ulivishwa na mkeo.

Kupika, kuoga na ibada vinapimwaje?

Chakula kinachopimwa ni mlo mwepesi wa mtu mmoja, unaotayarishwa kutoka viungo vibichi na kupikwa kwenye jiko lililo usawa wa kiuno. Pilau ya shughuli haihusiki, wala kuinama kwenye tanuri. Usijitetee kwamba huwezi tena kukaanga sambusa mia. Eleza kama unaweza kumenya kiazi kimoja na kumwaga maji yake ya moto bila kujiunguza.

Kuoga hupimwa kwa bafu la kawaida lisilofanyiwa marekebisho. Kutawadha hakutoshi kuwa dalili ya kuweza kuoga, kwa kuwa maji ya udhu hayahitaji kuingia beseni wala kufikia mgongo. Lakini ibada ni mfano mzuri wa kueleza mwili: anayeswali kitini kwa sababu magoti hayashuki tena, au aliyeacha kwenda kanisani kwa sababu hawezi kuketi ibada nzima, ametoa picha ambayo hata asiye wa dini yake anaielewa.

Nijibu vipi kuhusu umbali wa kutembea?

Usikadirie mita kwa kichwa. Wengi wetu hukosea kwa mbali. Basi refu la ghorofa la London lina takriban mita 11, kwa hiyo mabasi mawili yaliyofuatana yanakaribia mita 20. Anayeweza kwenda zaidi ya mita 1 lakini asizidi 20 hupata alama 12. Kati ya 20 na 50 ni 8 bila kifaa na 10 kwa kutumia mkongojo au kifaa kingine. Kati ya 50 na 200 ni 4. Pima nyumbani mapema, na uhesabu mahali unapolazimika kusimama, kwa sababu umbali unaoufikia mara moja kisha ukashindwa kuurudia hauhesabiwi kuwa wako.

Naweza kurekodi mazungumzo?

Unaweza kuomba tathmini irekodiwe kwa sauti. Iambie kampuni kabla ya siku, si mtathmini akishaanza.

## Baada ya tathmini

Uamuzi ukiwa mbaya nifanye nini?

Kwanza piga simu DWP uombe nakala ya ripoti ya mtathmini. Huna haja ya kusubiri uamuzi ili uiombe. Isomwe yote kwa Kiswahili, na kila mahali palipoandikwa kinyume na ulichosema papigwe mstari.

Kisha una mwezi mmoja kutoka tarehe ya barua kuomba uamuzi uangaliwe upya na DWP. Hatua hii hailazimishi mtu yeyote kubadili kitu, na wengi hujibiwa kama mwanzo. Usivunjike moyo hapo, kwa maana bila kuipita huwezi kukata rufaa. Baada ya jibu la pili una mwezi mwingine wa kwenda kwenye baraza huru la rufaa, ambako hukaa hakimu, daktari na mtu mwenye ujuzi wa ulemavu. Zaidi ya nusu ya rufaa za PIP zinazosikilizwa huko hushinda. Mkalimani hutolewa bila malipo.

Mambo mawili ya kuzingatia. Baraza huangalia hali yako ilivyokuwa siku ya uamuzi, hivyo ugonjwa uliozidi baadaye ni wa maombi mapya. Na kama tayari unapokea fungu moja, kuomba uangaliwe upya kunaweza pia kulipunguza, kwa hiyo onana kwanza na Citizens Advice au kituo cha ushauri cha mtaa wako.

Nilikosa miadi. Nimeshindwa?

Bila sababu nzuri, maombi hukataliwa. Sababu hupimwa pamoja na afya yako: kulazwa, kifafa cha asubuhi hiyo, hofu iliyokuzuia kufungua mlango, au barua ya Kiingereza ambayo hukuelewa. Piga simu siku ileile, na uthibitishe kwa maandishi.

## Hali za pekee

Kifafa hunijia mara chache tu. Kanuni ya zaidi ya nusu ya siku za mwaka hainitoi?

Si lazima. Mwaka 2017 mahakama ya juu ya rufaa za aina hii iliamua kwamba usalama haupimwi kwa wingi wa matukio pekee, bali pia kwa ukubwa wa madhara yanayoweza kutokea. Kama huwezi kujua lini utaanguka, kusimama jikoni na mafuta ya moto si salama hata siku ambayo hukuanguka. Eleza kilichotokea mara ya mwisho, na nani hukaa karibu.

Naishi Scotland. Je, haya yananihusu?

Kwa sehemu. Huko PIP imebadilishwa na Adult Disability Payment, iliyoenea Scotland nzima tangu Agosti 2022 chini ya Social Security Scotland. Hakuna kampuni binafsi ya tathmini, na mazungumzo hufanyika tu pale taarifa zilizopo zisipotosha. Shughuli na alama zinafanana sana, kwa hiyo majibu kuhusu lugha na kuhusu maana ya kuweza bado yanafaa.

Viza yangu inasema siruhusiwi fedha za umma.

PIP ni mojawapo ya fedha hizo, na kuiomba kunaweza kuharibu kibali chako. Usijaze fomu kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji. Wengine wengi wanapaswa kuwa wameishi Uingereza wiki 104 kati ya 156 zilizopita; mkimbizi aliyekwisha kutambuliwa hafungwi na sharti hilo la wiki.

Mgonjwa wetu ameambiwa hana muda mrefu.

Ikiwa daktari anaona anaweza kufariki ndani ya miezi 12, kuna njia ya haraka isiyo na tathmini. Muulizeni daktari au muuguzi kuhusu fomu ya SR1.

Nina mtoto mdogo, na mama yangu ameshapita umri wa pensheni.

Kwa aliye chini ya miaka 16 huombwa Disability Living Allowance ya watoto, na kwa aliyefika umri wa pensheni bila kuwa na PIP huombwa Attendance Allowance.

WhatsApp inasema sasa lazima upate alama 4 katika shughuli moja.

Pendekezo hilo lilitolewa na serikali Machi 2025, kisha tarehe 1 Julai mwaka huohuo serikali ikatangaza kuliondoa katika muswada, na suala zima likapelekwa kwenye mapitio yaliyokabidhiwa waziri Stephen Timms. Mtu asiache kuomba kwa sababu ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi.

Nikienda Mombasa au Goma kuona ndugu, malipo yatakatwa?

Unaweza kuwa nje hadi wiki 13, au wiki 26 ikiwa umekwenda kwa matibabu ya hali iliyoanza kabla hujaondoka. Iarifu DWP kabla ya safari ya muda mrefu. Na kama uko nje barua ya miadi inapofika, mtu wa nyumbani aipige picha akutumie siku hiyohiyo, ili upige simu kuahirisha kabla tarehe haijapita.